Gurudumu la Mbele, Upande wa Kulia

Gereji, 9 Januari

Kwako mpwa wangu, Spana Kumi,

Salamu hizi zipokee kwa mikono miwili, maana ni nzito, nimezifunga kwa kamba ya turubai zisije zikamwagika njiani. Sisi huku wazima. Mimi ndiyo usiseme, nimezidi uzima. Juzi nimenyanyua injini ya lori peke yangu, jeki ilikuwa imeharibika. Mkaza mjomba wako anasema haikuwa injini, ilikuwa kifuniko cha injini. Yeye alikuwa jikoni, aliona nini? Anakusalimu na anauliza kama unakula. Seremala jirani naye anakusalimu. Bado anatengeneza meza zile zile zinazotetemeka kama zina homa.

Sasa tuingie kwenye jambo. Barua yako, kwamba umechaguliwa kwenye kikosi cha kuunda kigari cha kwenda kutembea juu ya Mirihi, nimeisoma kwa sauti hapa gereji mafundi wote wakaacha kazi. Seremala akauliza, "Mirihi ndiyo wapi?" Nikamwambia ni ile nyekundu kule juu, mpwa wangu anaipelekea gari. Akasema, "Na dereva nani?" Nikamjibu, dereva nani tena, si yeye mwenyewe? Nani alimfundisha usukani? Kwa hiyo hapa mtaani watu wote wanajua kwamba unapanda mwezi wa saba. Safari ikibadilika unijulishe mapema nisije nikaaibika.

Umesema wamekukabidhi magurudumu. Hapo wakubwa zako wameonyesha akili. Ila swali langu ni moja: hicho kigari kina rivasi? Maana kisa changu unakijua. Nimepakia saruji, nina tela nyuma, nimefika kileleni gia zote za mbele zikafa kwa mpigo. Mtu mwingine angekaa chini alie. Mimi nikageuza lori, nikateremka mlima mzima rivasi, kichwa nje ya dirisha, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unamenya chungwa. Kule chini kwenye kizuizi askari akanipigia saluti ya kuniaga. Alidhani naondoka, kumbe ndiyo kwanza nawasili!

Usiniambie habari ya kupiga simu. Simu ni ya kuulizana umekula nini. Maneno makubwa yanataka karatasi.

Lile kopo la rangi ulilokuwa ukikalia ukinipa spana lipo pale pale. Hakuna anayelikalia. Nimewaambia lina kutu, watachanika.

Ni mimi mjomba wako, dereva wa madereva.


Chumbani kwangu, 4 Februari

Shikamoo Mjomba, na nyingine mpelekee mkaza mjomba. Mwambie nakula. Usimwambie nakula nini.

Barua yako nimeisoma ndani ya basi nikicheka peke yangu, mama mmoja akahama kiti. Huku hakuna anayeniita Spana Kumi. Niliwaeleza wenzangu kwamba kila gereji ina spana inayopotea kila ikihitajika, nayo ni namba kumi, na kwamba mimi nilikuwa hivyo hivyo, ukiniita sipo. Walitabasamu kwa adabu. Si kichekesho cha watu waliovaa glavu.

Ndiyo, Mjomba, tunavaa glavu. Na ovaroli nyeupe, na kofia, na kitambaa cha mdomo. Hata unywele wa kope ukidondokea kwenye kigari ni kesi. Chumba hakina vumbi, hakina harufu. Nikitoka kazini napita makusudi kwenye gereji moja ya pikipiki, nasimama ng'ambo ya barabara, nanusa, halafu naenda zangu nyumbani.

Sipandi mimi, tafadhali waambie watu. Hapandi mtu yeyote. Kinakwenda peke yake na hakuna fundi atakayekifuata. Ndiyo maana hatulali kwa mawazo. Ungeniuliza kwa nini hatufungi tairi za mpira: baridi ya kule inaufanya mpira kuwa kama kioo, ukigonga jiwe unapasuka. Grisi yako ile ya kwenye ndoo ingeganda kama jiwe. Kwa hiyo magurudumu ni ya alumini, sita, kila moja na mota yake, na kila mota ina kipasha joto cha kuiamsha kabla haijazunguka. Alumini yenyewe ni nyembamba kama mfuniko wa sufuria. Ningependa iwe nene, lakini roketi haibebi uzito unaoutaka wewe. Kila gramu tunaigombania kama ndugu kwenye urithi. Nikiongeza unene wa gurudumu, mwenzangu anapunguziwa kamera, na hanisalimii wiki nzima.

Jambo gumu kuliko yote ni umbali. Picha ikitoka kule inaweza kuchukua dakika ishirini kunifikia, na neno langu la "simama" linachukua nyingine kama hizo kurudi. Nikiona kwenye kioo kwamba kinaelekea shimoni, ujue kimeshatumbukia zamani. Basi inabidi tukifundishe kujitazama chenyewe, na kiende polepole. Mtoto anayetambaa atakipita na atakaa kukisubiri.

Na rivasi kinayo.

Siwezi kuja kabla hakijaruka. Mirihi na dunia zinakaribiana mara moja tu katika miaka miwili na kitu. Tukichelewa mwezi wa saba, mlango umefungwa. Kikisharuka nitakuja, Mjomba. Nalitaka kopo langu.

Mpwa wako.


Gereji, 1 Machi

Mpwa wangu mwenye glavu,

Salamu zimekuja, tumezigawana, hakuna aliyelalamika. Mkaza mjomba wako amekasirika kwa kujua kwamba kuna jambo hukutaka ajue. Nilisoma kwa sauti kabla sijaona. Seremala ameoza jino, amenuna, mtaa umetulia.

Hicho kigari nimekipa jina. Kinaitwa Kobe. Usiniulize kama wakubwa zako watakubali, hapa gereji kimeshasajiliwa.

Nimefikiria habari ya magurudumu yako ya sufuria. Yajazeni majani makavu! Mimi niliwahi kuishiwa tyubu mahali pasipo na mtu, nikajaza tairi zote majani, nikaendesha hadi mjini. Tatizo lilikuwa ng'ombe. Walinifuata kundi zima, nikisimama wanakula tairi. Nilifika na ringi tupu na ng'ombe walioshiba. Lakini huko Mirihi hakuna ng'ombe, basi mna bahati.

Kuhusu mimi kuwaambia watu kwamba hupandi: nimewaambia safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa.

Ila ile ya picha kuchelewa imenikaa kichwani. Nilikuwa chini ya lori, nikaacha kufunga nati, nikawaza. Si ndivyo tulivyo mimi na wewe? Wewe ukisoma kwamba mjomba anacheka, mimi hapo nimeshanyamaza zamani. Nimeishi kwenye barabara maisha yangu yote, sikujua kuna umbali unaokaa ndani ya neno lenyewe. Haya, nisikuharibie siku.

Mkono wa kulia unaniingia ganzi siku hizi. Ni kwa sababu ya kukuandikia barua ndefu, kosa ni lako.

Mjomba, bingwa wa majani.


Chumbani kwangu, 6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimesubiri barua yako, haijaja. Nimepiga simu mara nyingi. Jana mkaza mjomba alipokea, akasema umetoka. Nikamuuliza umekwenda wapi wakati wa taarifa ya habari, wewe ambaye nyumba ikiungua utasema subiri wamalize michezo? Akasema chungu kinaungua, akakata.

Huku kazi imechacha. Tumemwingiza Kobe kwenye chumba cha baridi (ndiyo, wote sasa wanamwita Kobe, umeshinda), tukamshushia baridi ya Mirihi. Magurudumu matano yakaamka. La sita, la mbele upande wa kulia, halikuamka. Tuliliamuru, tukalibembeleza, kimya. Ni langu hilo, Mjomba. Nililikagua mwenyewe. Mkuu wa kikosi akanitazama tu juu ya kile kitambaa cha mdomo, ikawa mbaya kuliko kutukanwa.

Kuna watu sita kwenye meza yangu ya chakula na sina wa kumwambia kwamba naogopa. Kwako ningesema, ungenidanganya kwa kisa kimoja kirefu, ningelala.

Andika hata mstari mmoja.


Nyumbani, 10 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Sote wazima.

Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya oili chafu. Ndiyo maana.

Usishangae mwandiko. Miwani imevunjika. Na kalamu ni ya seremala, imepinda kama kazi zake.

Gurudumu likifa, Kobe anatembea? Kama anatembea, anatembeaje? Nieleze taratibu, usiruke kitu. Usinipe maneno ya kitabuni.

Nijibu upesi.

Mjomba.


Chumbani kwangu, 24 Mei

Shikamoo Mjomba wangu,

Barua yako ni fupi kuliko risiti. Herufi zimekuwa kubwa kama za ubavuni mwa lori, na zote zimelalia kushoto. Hukujisifu hata mara moja. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nakujibu kama ulivyotaka, taratibu.

Gurudumu likifa halizunguki, lakini lipo, na uzito wake upo. Tulimtoa Kobe nje, kwenye uwanja wetu wa mchanga, tukamwambia aende mbele na gurudumu lake bovu. Hakufika popote. Likiwa mbele, gurudumu lililokufa linauma mchanga, linachimba, linajijengea kilima cha kulizuia, na kadiri wale watano wanavyosukuma ndivyo linavyozama. Kwa hiyo kosa si nguvu. Ukiongeza nguvu unaongeza shimo.

Ndipo tukamgeuza. Tukampeleka kinyumenyume, wazima wakitangulia na mgonjwa akifuata. Akaenda, Mjomba! Alipinda kidogo upande mmoja, tukawa tunamrekebisha, na aliacha mfereji mrefu kwenye mchanga nyuma ya ule mguu. Lakini alikwenda, na alipanda hadi mwisho wa uwanja. Watu wazima wenye shahada walipiga makofi. Na tafadhali usiwaambie watu kwamba wewe ndiye uliyetufundisha. Tulikuwa tumeshajaribu kabla barua yako haijafika.

Baadaye tulifungua mota tukaona tatizo ni kipasha joto, waya ulikatika kwa kukunjwa mno. Tunabadilisha. Lakini hata kama lingekataa kule juu, sasa najua hatakwama.

Nimekujibu. Sasa na wewe nijibu. Ulikuwa unaniuliza habari za Kobe peke yake?

Sikulazimishi kusema. Niandikie neno moja tu, "njoo", nami nitafunga mizigo siku hiyo hiyo. Wakati huu ukiondoka kikosini unampisha mwingine, hawatanisubiri, na Kobe ataruka akiwa mikononi mwa mtu mwingine. Nimeliwaza hilo na nimemaliza kuliwaza. Neno moja, Mjomba.


Nyumbani, 22 Juni

Mpwa wangu, Spana Kumi,

Pokea salamu, safari hii nimezifunga kwa mkono mmoja lakini fundo ni lile lile. Mkaza mjomba wako yuko imara kuliko sisi wote. Jino la seremala limeng'olewa, kwa hiyo mdomo wake umerudi kazini, kwa bahati mbaya.

Kwanza nakuarifu kwamba sasa naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefanya makubwa mno maishani, nimeupa mapumziko. Ni madereva wachache duniani wanaoweza.

Pili, nataka kukueleza habari ya lori moja lililopo hapa nyumbani. La zamani, mtindo wa mwaka niliozaliwa mimi. Bodi nzuri sana, watu wakipita wanageuka kulitazama. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, umeme wa upande wa kulia ulikatika wote. Daktari wa malori amelitazama, amesema injini nzima, akili ya usukani nzima, ila ule upande utaamka polepole, na pengine hautaamka wote. Honi nayo inatoa sauti ya ajabu, kama bata. Ndiyo maana siipigi. Sikutaka watu wa mbali waisikie.

Seremala amelichongea mti wa kuliegemeza. Unatetemeka kama meza zake.

Basi tulikuwa tunalisukuma lori mbele, kila siku, kutoka mlango wa jikoni kwenda getini. Ile changarawe unaijua. Ncha ya gurudumu la kulia ikigusa kokoto inauma chini, lori chali. Linajikakamua, linaongeza nguvu, chali tena. Matusi liliyotoa sitayaandika. Barua yako ilipofika nikaisoma mara nyingi, usiku mkaza mjomba wako akanisomea tena. Kesho yake nikasema, geuzeni lori.

Alikataa. Alisema, "Hivyo ni vya chuma, wewe ni mtu." Nikamwambia mimi sizungumzii mtu, nazungumzia lori.

Likaenda! Kinyumenyume, kisigino kizima kikitangulia, gurudumu bovu likija taratibu nyuma, linachora mfereji kwenye changarawe. Kutoka jikoni hadi getini bila kuanguka. Seremala alikuwa amesimama getini, akaniona mgongo, akaropoka, "We mzee, unaondoka unakwenda wapi?" Nikamjibu kwa honi yangu ile ile ya bata, "Nawasili, mjinga wewe!" Mkaza mjomba wako aligeukia ukutani. Nilidhani anacheka, ila mabega yake yalitikisika kupita muda wa kicheko.

Daktari wa malori amesema hajawahi kuona mgonjwa anayejipa dawa ya nyotani. Amesema nifanye, ila mtu awe karibu.

Sasa nakujibu neno lako. Usije. Nimeandika vizuri? U-s-i-j-e. Lori halijaomba kuvutwa. Ulipokuwa mdogo nikikuita ulikuwa hupatikani, nikazoea, nikijua tu kwamba upo mahali ndani ya uwanja unafungua kitu. Sasa hivi uko hivyo. Uwanja tu ndio umekuwa mkubwa. Maliza kufunga nati zako, mrushe Kobe. Nimeshawaambia watu mwezi wa saba, usinitie aibu uzeeni.

Siku nyingine jioni mlango ukisukumwa na upepo nageuza shingo. Haina maana yoyote. Ni shingo tu.

Mjomba wako, na lori lake.


Chumbani kwangu, 12 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Ameondoka.

Siku ile, mwishoni mwa mwezi wa saba, nilikuwa nimejiandaa kulia, sikulia. Watu walikuwa wanatazama moto, mimi nilikuwa nawaza gurudumu moja tu, limekunjwa gizani ndani ya kile kichwa cha roketi, linatikiswa. Nilisema kimoyomoyo, wewe shika. Ukuta mzima wa chumba cha kutazamia ulitetemeka kama umetengenezwa na seremala. Kisha roketi ikawa kidoti, kisha ikatoweka, na mkuu wa kikosi akavua miwani akanishika bega. 

Barua yako ya mwezi wa sita nililala nayo. Nilikasirika kwanza, Mjomba. Miezi mitatu! Wakati mimi nakulalamikia mota moja, wewe ulikuwa sakafuni. Nilitaka kuja siku ile ile ili nikugombeze. Kisha nikaona ile "usije" yako, ulivyoikokota herufi moja moja kwa mkono wa kushoto, nikajua imekugharimu kiasi gani. Nikarudi kazini. Nilikutii na sijui kama nilifanya vizuri. Mpaka leo sijui.

Sasa sikiliza. Kobe atakuwa njiani miezi kama saba. Njiani hatembei, amekunja miguu, magurudumu hayana kazi na mwenye magurudumu hana kazi. Nimepewa likizo hadi karibu na siku ya kutua. Nakuja, na safari hii sikuombi ruhusa. Nitafika kwa basi la asubuhi, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Usihangaike kuja kituoni, ni mbali na pana vumbi. Nitakuja mwenyewe hadi getini.

Nataka kuliona lori. Nataka kuisikia honi.

Na kitu kimoja nimekuwa nikitaka kukuuliza tangu utotoni: ule mlima, kweli uliteremka wote rivasi?

Mpwa wako.


Nyumbani, 30 Agosti

Kwako Spana Kumi iliyopatikana,

Salamu sikutumii. Nazihifadhi, utazichukua mwenyewe. Mkaza mjomba wako amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu, amenifokea mara mbili kwa kukalia kiti chako. Seremala anakutengenezea kitanda. Nimemwomba Mungu.

Kuhusu mlima, kila neno ni kweli. Nilikuwa sijamaliza tu kulitenda. Wale wasioamini waje waone changarawe yangu, imejaa mifereji hadi getini, na wiki hii imetoka nje ya geti, imepita kwa muuza mkaa, inaelekea barabarani. Watoto wanaifuata wakidhani ni njia ya nyoka.

Kopo nimeliosha. Kutu kweli lilikuwa nayo, sikuwadanganya.

Sasa usinipangie mambo ya kituo. Nimempokea kila mtu katika ukoo huu pale kituoni, sitakupokea wewe kwenye geti kama mleta maji. Nitaanza safari mapema, seremala atatembea nyuma yangu, yaani mbele yangu, anishike nikiyumba. Amekubali mradi nisimsimulie ng'ombe.

Ila uwe makini ukishuka. Patakuwa na watu wengi na wote watakuja kwa nyuso zao, wakikimbilia wageni wao. Usihangaike na nyuso. Wewe tafuta mgongo. Ukiona mgongo mpana, shati la bluu lililopigwa pasi, unakujia polepole kinyumenyume, mguu wa kulia ukiburuta na kuchora mfereji kwenye vumbi, simama hapo hapo ulipo, usiniite, usinikimbilie, niache nifike.

Na usije ukadhani naondoka.

Nawasili.

Mjomba.